Tenga la Jaja Benedeta

Wiki ya kumi na moja mibangi ya Jibril ilikuwa imempita kiuno, imejaa majani mabichi kama mchicha wa mvua ya kwanza, na bado haikuwa na ua hata moja. Ilikuwa saba. Ilisimama ndani ya ndoo saba za rangi, katika stoo ya matairi ya baba yake, mtaa wa Marachi, Busia upande wa Uganda. Juu yake zilining'inia taa alizozitengeneza mwenyewe, zimezimika. Jibril alipita ndoo moja baada ya nyingine, simu ameibana kwa meno ikimulika, futi ya fundi cherehani mkononi. Sentimita themanini na nne. Tisini na moja. Themanini na tisa. Aliandika kila namba katika daftari lake, na kila alipoandika hasira ilimpanda, kwa maana kimo si ua, na pasipo ua hakuna mbegu, na mbegu ndiyo iliyomwingiza katika balaa hili lote.

Zilikuwa kumi na moja tu duniani. Nne zilioza udongoni. Hizi saba ndizo zilizobaki za Jaja Benedeta, na zikizeeka bila kuzaa, basi kitu ambacho bibi yake alikilinda miaka hamsini kingefia ndani ya stoo ya matairi, mikononi mwa mjukuu aliyejigamba mbele ya watu kwamba yeye ndiye angekiokoa.

Jaja Benedeta alikuwa mama mzaa mama yake, Mkristo wa Kiyeyi, upande wa Tororo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Baba yake Jibril, Swaliki, ni Mwislamu wa mjini, mwenye lori la mizigo. Kwa hiyo kila shule ilipofungwa mtoto alipelekwa Kiyeyi akiwa na onyo la baba na chupa ya mafuta ya kula. Onyo lilihusu nguruwe. Jaja alilisikia mara moja tu, akanunua sufuria mpya, akaifunga utepe mwekundu kwenye mpini, akatangaza kwamba atakayeigusa kwa nyama ya nguruwe atakula mavumbi. Sufuria hiyo ilikaa miaka kumi na minane ikimsubiri Jibril peke yake.

Nyuma ya banda la bata mzinga palikuwa na mibangi miwili. Haikuvutwa na mtu. Jaja alikatakata majani yake, akayachanganya na pumba, akawapa bata mzinga walioanza kuinamisha mabawa, na watu wa Kiyeyi waliapa kwamba ugonjwa wa kideri ukipita kijijini huruka boma la Benedeta. Kama ni kweli au si kweli, hakuna aliyewahi kupima. Ila bata mzinga wake ndio waliosifiwa kila Krismasi mpaka kata za jirani, Paya na Molo, na mikono yake ilikuwa na harufu ile wakati wote: utomvu mchungu, moshi wa kuni, manyoya. Ukimkumbatia, harufu inabaki shingoni mwako hadi kesho yake. Jibril alipokuwa mdogo alidhani hiyo ndiyo harufu ya bibi, kwamba mabibi wote duniani hunuka hivyo.

Alipofika miaka tisa, kituo cha mafuta kilijengwa ng'ambo ya barabara. Kilikuja na taa kubwa zilizowaka usiku kucha, zikaifanya sehemu ile ya Kiyeyi kuwa nyeupe kama chumba cha daktari. Mwaka uliofuata Jaja alianza desturi mpya. Jua likizama tu, alisimama mlangoni:

"Jibril! Nenda ukawafunike wale wawili."

Jibril alichukua matenga mawili ya kubebea kuku, marefu, yaliyozibwa kwa magunia, akaifunika mibangi. Alfajiri aliifunua. Kazi hiyo aliichukia, maana ndiyo saa ya mpira. Na alijua maana yake, au alidhani anajua: Jaja alikuwa anaificha mibangi polisi wasiione. Kwa hiyo aliifanya kama mwizi, akiinama, akiangalia barabara. Jioni moja aliinua tenga akaingiza tochi aone kama kuna kitu cha ajabu ndani. Jaja alimkuta. Hakupiga kelele. Alimgonga kisogoni na mwiko wenye ugali, akamwambia, "Waache walale, wewe. Wewe unapenda kumulikwa ukilala?" Jibril alicheka wiki nzima. Mmea kulala!

Desemba iliyopita Jaja alikufa, akiwa na miaka themanini na tatu. Jibril alifika kwenye matanga akaenda moja kwa moja nyuma ya banda, akakuta visiki viwili, vimekatwa kwa panga, utomvu bado unatoka.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi," alisema mjomba wake Owor, mtoto wa kwanza wa Jaja, ambaye sasa ndiye mwenye boma. "Padri anakuja, mkuu wa polisi anakuja. Ulitaka waone nini? Hiyo kitu imekwenda na mama. Imekwisha."

"Miaka hamsini, mjomba! Unaimaliza kwa panga la dakika mbili?"

"Sauti chini. Kuna maiti ndani."

Jibril hakushusha sauti. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, mwenye kichwa kinachochemka kabla ya maji. Aliingia jikoni kwa Jaja, akapanda juu ya kinu, akapapasa chini ya paa hadi akakuta kopo la mafuta ya kujipaka alilojua lipo. Ndani, kwenye majivu, mbegu kumi na moja. Alitoka nalo uani, mbele ya waombolezaji.

"Hizi nitaziotesha mimi. Mjini. Nitazipima kwa gramu, nitaziandika, na nitakuletea mbegu hapa hapa Kiyeyi, mjomba, uzipokee kwa mikono miwili. Na kama nikishindwa usiniite tena mtoto wa dada yako Harriet."

Owor alicheka kwa huzuni. "Mtoto wa lami. Utaotesha kwenye lami?"

Watu walicheka naye. Kicheko hicho Jibril alirudi nacho Busia, akakilalia, akaamka nacho.

Mjini hakuwa na shamba, wala ua usio na macho ya majirani. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza televisheni karibu na maegesho ya malori, na nyuma ya kibanda rundo la televisheni bapa zilizokufa, ambazo wenyewe walikwishazikana. Ukifungua televisheni ya aina ile unakuta nyuma ya kioo mistari ya taa ndogo za LED, na mara nyingi, katika taa hamsini, iliyokufa ni moja tu. Hiyo moja imeua zote. Jibril aliijua kazi hiyo kama anavyojua njia ya nyumbani. Alizipima moja moja, akatupa zilizokufa, akazichomelea upya kwa solda zile nzima. Akazigandisha kwenye bati la alumini alilokata kutoka mlango wa friji, akafunga feni mbili za kompyuta ili zisijichome zenyewe. Mwanga wake mweupe ulikuwa mkali mno upande wa buluu, kwa hiyo akaongeza taa nyekundu alizozinyofoa kwenye tela bovu la baba yake. Aliweka saa ya kuwasha na kuzima: asubuhi saa kumi na mbili ziwake, jioni saa kumi na mbili zizimike. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mmea huu, ili utoe ua, unataka mwanga nusu na giza nusu. Akafanya nusu kwa nusu, hata dakika haikupungua.

Mizani aliipata kwa Ojulong. Ojulong alikuwa Mteso mnene, mcheshi, aliyenunua dhahabu kwa wachimbaji wa vijijini, na mizani yake ilipima hadi pointi, yaani moja ya kumi ya gramu, ambayo ndiyo lugha ya dhahabu pale Busia.

"Bangi kwa mizani ya dhahabu," alisema Ojulong akiikabidhi. "Unajua ukinirudishia ikinuka, wachimbaji watakataa kuondoka dukani kwangu?"

"Nataka kupima sawasawa. Nijue kila wati moja ya taa imenipa nini. Jaja alikuwa anapima kwa konzi."

"Na bata mzinga wake walikuwa wanakufa?"

"Hapana."

"Sasa?"

Jibril alichukua mizani akaondoka.

Ndivyo ilivyoanza, na miezi miwili ya kwanza alitembea kama bwana harusi. Mimea ilipanda. Kila siku alipofunga kibanda, saa mbili usiku, aliingia stooni na simu, futi na daftari, akapima kimo, akahesabu matawi, akachuma jani moja akaliweka kwenye mizani. Hakuruka siku hata moja, hata alipokuwa na malaria. Hata baba yake angekuwepo asingeweza kumzuia, na bahati nzuri hakuwepo: Swaliki alikuwa amekwama Juba na lori lake, mzigo haujalipiwa ushuru, na alikuwa amepiga simu kusema kwamba Idi ya kumaliza mfungo ingempita hukohuko, ila ya kuchinja, Mungu akipenda, angeila nyumbani. Stoo ilikuwa yake. Siku akirudi, kitu cha kwanza angefungua ni stoo.

Sasa wiki ya kumi na moja ilikuwa inakwisha bila ua. Jibril alibadilisha taa nyekundu. Akaongeza mbolea, akapunguza mbolea. Akapima zaidi: mara moja usiku zikawa mara mbili, tatu, akimulika kila kikwapa cha tawi kutafuta unywele mweupe ambao ungekuwa mwanzo wa ua. Hakuna. Majani juu ya majani. Usiku mmoja aliipiga ndoo teke, halafu akaipangusa kwa kiganja kama mtu aliyempiga mtoto. Alianza kuamini kwamba mbegu zenyewe zilikufa na Jaja, na kwamba Owor alikuwa amesema kweli.

Siku ya Idi ya kumaliza mfungo, mama yake alichinjisha bata mzinga. Mama alizaliwa Harriet, aliposilimu akaitwa Madinah, na watu wa Kiyeyi wakaendelea kumwita Harriet, naye akawaitikia wote. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, ndege mapajani, maji ya moto mbele yake, anamnyonyoa. Jibril alichuchumaa kumsaidia.

"Mama yangu angemtupa huyu," alisema Madinah. "Kifua kama ubao. Watu wamesahau kufuga."

"Mjomba ndiye ameharibu."

"Wewe na Owor! Unajua amepoteza bata mzinga kumi na watatu mwezi huu? Wanaopumua sasa ni watatu. Amenipigia simu, karibu alie. Ila hataki nikuambie."

Jibril aliguna. Hakujua kama afurahi. "Angeacha ile mibangi. Jaja alijua kuificha. Miaka yote nafunika na tenga, hakuna polisi aliyeona."

Mama yake aliacha kunyonyoa, akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Kuificha?"

"Si ndiyo sababu ya matenga?"

Madinah alicheka hadi bata mzinga akateleza kutoka mapajani. "Ee Mungu wangu, mtoto huyu! Nani alikuwa hajui? Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anatuma watoto wake na kikapu kuchukua majani. Yule polisi wa kituoni, mke wake alikuwa na bata mzinga wanane, aliwalisha nini? Mama hakuwahi kumficha mtu kitu maisha yake yote, na ile sauti angeficha nini!"

"Basi matenga yalikuwa ya nini?"

"Si ya usingizi? Walipoweka zile taa za kituo cha mafuta, mibangi ikakaa mwaka mzima bila kuzaa. Majani tu, majani tu. Mama akasema hawalali, hao, wanamulikwa. Akawafunika, wakazaa." Aliinua ndege tena. "Hakukuambia?"

Alimwambia. Alimwambia kwa mwiko wa ugali kisogoni.

Jibril alibaki amechuchumaa, manyoya yamemganda vidoleni. Aliona stoo yake: saa kumi na mbili jioni, taa zinazimika, giza linaingia, mimea inapumua. Halafu saa mbili, mlango unafunguliwa, na huyo hapo anaingia, tochi mdomoni, akimulika jani kwa jani, kikwapa kwa kikwapa. Saa nne tena. Saa sita tena. Kila usiku kwa wiki kumi na moja, bila kuruka hata usiku wa malaria. Alitafuta kosa kwenye taa, kwenye udongo, kwenye mbegu ya marehemu. Kumbe alikuwa amejijengea kituo cha mafuta mdomoni mwake mwenyewe.

"Mbona umeacha kunyonyoa?" aliuliza mama yake. "Jibril? Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nakwenda kutafuta blanketi."

Alitundika mablanketi mawili ya jeshi mlangoni na gunia juu ya matofali yenye matundu ya hewa, kwa sababu taa za maegesho ya malori zilipenya hapo. Halafu akafanya jambo ambalo kwa mtu wa damu yake lilikuwa gumu kuliko kubeba tairi la lori: hakuingia. Saa mbili usiku alikuwa anakaa nje ya mlango juu ya tairi, daftari mapajani, hana cha kuandika. Vidole vilimwasha. Usiku wa kwanza kurasa zilibaki nyeupe. Usiku wa tano aliandika tu, "Wamelala," akajicheka, asilifute.

Alipokaa pale gizani kumbukumbu zilikuja bila kuitwa. Alikumbuka jioni za Kiyeyi, bata mzinga wakipanda kwenye miti yao kwa kelele za wazee wanaogombea kiti; mpira wa karatasi za nailoni ukimsubiri barabarani; harufu ya sufuria yenye utepe mwekundu. Alikumbuka jioni alizodanganya. "Umewafunika?" "Ndiyo, Jaja." Naye alikuwa hajafunika, alikuwa kwenye mpira. Na asubuhi alikuta matenga yamefunika, naye hakujiuliza kwa mkono wa nani. Miaka yote alidhani amemdanganya vizuri. Sasa alimwona, mzee wa magoti mabovu, akitoka kimyakimya kwenye mwanga wa kituo cha mafuta kuwalaza wale wawili, akirudi ndani bila kusema neno.

Siku ya kumi na sita, asubuhi, taa zilipowaka, Jibril alivuta blanketi na kabla hajaona kitu akasimama. Ilikuwa ile harufu. Utomvu mchungu, bado mwembamba, lakini ndio wenyewe. Alikaa kwenye sakafu ya saruji kati ya ndoo saba akavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji. Kwenye kila ncha palikuwa na nywele nyeupe. Mmoja tu, ule wa ndoo ya karibu na mlango, haukuwa na nywele. Ulikuwa na vifuko vidogo vinavyoning'inia kama mtama. Ule ulikuwa dume.

Ojulong alikuja kuulizia mizani yake, akaona, akapiga mluzi.

"Rafiki yangu, ng'oa hili dume leo. Leo hii! Majike yakikaa bila dume hayazai mbegu, nguvu yote inakwenda kwenye ua. Utavuna mara mbili. Si ulitaka gramu kwa wati? Hiyo ndiyo gramu kwa wati. Na hapo ng'ambo ya mpaka kuna watu watakulipa vizuri."

Jibril aliangalia daftari lake. Kurasa tisini na nne za namba, na ukurasa wa mwisho ulikuwa unangoja ile namba kubwa ambayo angemwonyesha Owor, na Kiyeyi nzima, na kila aliyemwita mtoto wa lami.

"Likae," alisema.

"Litakuharibia mavuno, wewe!"

"Najua. Likae."

"Mteso akikupa akili ya bure unakataa," alisema Ojulong, akitikisa kichwa. "Mizani baki nayo. Utapima nini sasa, lakini, mimi sijui."

Dume lilipasuka wiki hiyo, likamwaga vumbi lake la manjano juu ya wenzake. Nywele nyeupe zikasinyaa moja moja, maua yakabaki madogo, yamejikunja, na ndani yake vikaanza kuvimba vitumbo vya kijani. Ili mbegu zikomae zilihitajika wiki sita. Jibril alihesabu kwenye kalenda ya msikiti: zingekwisha siku tatu baada ya Idi ya kuchinja.

Swaliki alirudi siku nne kabla ya Idi.

Jibril alikuwa kibandani aliposikia honi ya lori. Alikimbia. Alipofika, baba yake, mtu mrefu mwenye kofia na vumbi la Juba hadi kwenye kope, alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo na blanketi mkononi. Hakuwa ameingia. Alikuwa ameinua uso kidogo, kama anayesikiliza.

"Shikamoo, baba."

Swaliki alivuta harufu puani. "Nani," alisema taratibu, "ameleta boma la mkwe wangu ndani ya stoo yangu?"

Jibril alirudi hatua moja nyuma.

"Nilipokwenda kumposa mama yako," alisema Swaliki, bado hajamtazama, "nilikaa nje masaa matatu, karibu na lile banda. Ananichunguza kutoka dirishani. Mwislamu, dereva, anataka binti yangu. Harufu hii ndiyo iliyokuwa puani mwangu mpaka aliposema ndiyo." Kisha akageuka, na jicho lake likawa la baba mwenye nyumba. "Sasa nisikilize. Mimi ni mtu wa mipaka. Lori langu linapekuliwa kila wiki. Kitu hiki hakilali kwangu. Ikilia adhana ya adhuhuri, nisione hata jani."

"Baba, mbegu hazijakomaa. Nipe siku saba. Ni za Jaja. Hakuna nyingine."

"Adhuhuri."

"Basi nipe tano!"

"Jibril. Nimesema."

Zilikuwa zimebaki saa mbili na nusu. Mbele ya mtu mwingine Jibril angepiga kelele. Dume lilikuwa limekwisha kukauka; alikata majike sita kwa kisu chake cha kukatia waya, akakaa sakafuni na sinia ya mama yake, akafungua ua moja baada ya jingine kwa kucha. Mbegu nyeupe, changa, haina maana. Nyeupe. Kijani. Nyeupe. Kisha ya kahawia, yenye mistari kama yai la kware, iliyoanguka kwenye sinia kwa mlio mdogo. Aliitazama. Akaendelea. Mama yake alikuja akakaa mkabala naye bila kuombwa, akaanza kufungua pia, na kwa muda mrefu walisikia mlio ule mara chache sana.

Mwadhini alipoanza, majani yote yalikuwa yamechomwa moto kwenye pipa, na Swaliki alisimama upande wa upepo, hakuondoka hadi moshi ulipokwisha. Kwenye sinia palikuwa na mbegu thelathini na nane zilizokomaa. Jibril aliziweka kwenye mizani ya dhahabu.

Pointi sita. Nusu gramu na kidogo. Alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, ule uliongojea namba kubwa, akaandika hiyo.

Kesho yake alishuka Kiyeyi akiwa na lile kopo la mafuta ya kujipaka mfukoni. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kumwambia mjomba wake, yenye vina na makali, ya kumchoma pale pale alipochekwa. Alimkuta Owor kwenye banda la bata mzinga. Lilikuwa kimya. Ndege wawili tu, mmoja mabawa yake yamelala.

"Umekuja," alisema Owor. Alikuwa amezeeka tangu Desemba.

Yale maneno makali yalimtoka Jibril kichwani, yote, kama ndege waliofunguliwa. Alifungua kopo akamwonyesha.

Owor alitazama ndani. "Na zile gramu zako? Zilikuwa ngapi?"

"Pointi sita."

"Pointi sita! Umeme wote ule?" Alianza kucheka, kikawa si kicheko, akapangusa uso kwa mkono wa shati. Kisha akanyoosha viganja. Vyote viwili, kama Jibril alivyotaka mbele ya waombolezaji, na Jibril akaona aibu kwamba aliwahi kukitaka kitu kama hicho. Alimwagia nusu. Mbegu moja ikaanguka kwenye mavumbi, wakapiga magoti wote wawili kuitafuta, vichwa vikagongana.

"Iko hapa, mjomba."

"Iokote wewe. Macho yangu hayafai."

Walipanda kumi na mbili, pale pale penye visiki. Jibril alibaki Kiyeyi Idi yote na wiki iliyofuata. Miche minane ilipotokeza, mirefu kama kidole, jua lilikuwa linazama na taa za kituo cha mafuta zikawaka ghafla, boma likawa jeupe. Owor aliingia kwenye banda. Kuku akalia kwa hasira, akatoka mbio. Owor akarudi na tenga kuukuu, limeraruka upande mmoja, magunia yake bado yameshonwa kwa uzi wa Jaja, na mayai matano ameyaweka kwenye kofia.

"Alikuwa analalia humu," alisema. "Atatafuta pengine. Wewe ndiye unayejua kazi hii."

Jibril alilichukua. Kwenye gunia, ndani kabisa, palikuwa bado na ile harufu. Alilishusha juu ya miche polepole, akazungushia udongo kwenye ukingo ili mwanga usipite chini.

"Hujaipima," alisema Owor. "Daftari lako liko wapi?"

Simu ilikuwa mfukoni mwake. Jibril aliigusa, akaiacha.

"Kesho asubuhi, mjomba," alisema. "Wamelala."